UZI: "Damu yangu haishiki ngoma." Tuongee kuhusu CCR5, maana mwaloni watu wanaitaja vibaya

Hadubini (Kigoma Mjini)

Wakuu, habari za jioni.

Juzi nilikuwa Kibirizi nasubiri mzigo, nikakuta vijana wa boti wanabishana. Jamaa mmoja wa makamo anasema mke wa kwanza alimzika kwa ngoma, wa pili yuko kwenye dozi, na yeye kila akipima anatoka safi. "Damu yangu haishiki." Mmoja akadakia kwamba huyo lazima ni kundi O. Mwingine akatoa simu akasoma kwa sauti kwamba wapo watu wenye jeni ya kuzuia VVU, inaitwa CCR5. Jamaa akalidaka hilo neno, na mpaka naondoka alikuwa anatangazia mwalo mzima kuwa ana CCR5.

Mimi ni mtu wa maabara. Pale juani sikutaka ligi, ila hapa naweza kuandika kwa nafasi.

Kwanza tuwekane sawa. CCR5 unayo wewe, ninayo mimi, anayo yule jamaa, na sokwe wa Gombe wanayo. Anayekingwa ni yule ambaye HANA.

CCR5 ni protini inayokaa kwenye utando wa nje wa baadhi ya seli za kinga. Haikuwekwa pale kwa ajili ya UKIMWI. Ukichanwa kidole na mshipi, seli za pale jerahani hutoa vijiprotini vinavyoitwa kemokini, ambavyo kazi yake ni kuita askari wa mwili. Sasa askari naye lazima awe na kitu cha kupokelea huo wito, ndiyo maana kinaitwa kipokezi. CCR5 inapokea hasa kemokini tatu, CCL3, CCL4 na CCL5. Seli ikizinasa, inageuka na kuelekea zinakotoka mpaka ifike penye uvimbe. Hiyo ndiyo kazi yake ya kila siku, mwilini mwa kila mtu, hata ambaye hajawahi kukaribia VVU.

Kirusi kikaja kudandia humo. Kwa nje kina protini inaitwa gp120, nayo inaanza kwa kushika CD4, protini nyingine ya juu ya seli hizo za kinga. Wengi tunaishia kuijua CD4 kwa sababu ndiyo iliyokuwa ikiandikwa kwenye majibu ya kliniki. Lakini CD4 peke yake haitoshi. Boti ikifika Kibirizi ziwa limechafuka, pua kugusa mchanga si kufika, bado mawimbi yanairudisha mpaka mtu wa nchi kavu aidake kamba avute. CD4 ni ule mchanga, CCR5 ni mdaka kamba. gp120 ikishagusa CD4 inabadilika umbo na kufunua sehemu iliyokuwa imefichika, na sehemu hiyo ndiyo inayoshika CCR5. Hapo protini nyingine, gp41, inajichomeka kwenye seli, inauvuta utando wa kirusi na utando wa seli mpaka vinaungana. Kimeshaingia.

Haya yalijulikana kwa kasi ya ajabu. Mwaka 1995 kundi la Robert Gallo kule Marekani lilionyesha kwamba zile kemokini tatu zikimwagwa kwenye seli za maabara, VVU inazuiwa. Watu wakajiuliza, kemokini na VVU vinakutania wapi? Mei 1996 maabara ya Edward Berger ikakamata kipokezi cha kwanza cha kemokini ambacho VVU inakidandia, leo tunakiita CXCR4. Mwezi uliofuata makundi kadhaa, kwa mpigo, yakatangaza CCR5. Na kabla mwaka haujaisha ikajulikana kwamba baadhi ya watu waliokutana na VVU mara nyingi bila kuambukizwa wana upungufu kwenye jeni ya CCR5: herufi 32 za maandishi ya jeni hiyo zimekatika. Seli inatengeneza kipande cha protini ambacho hakifiki nje. Upungufu huo ndio unaoitwa delta 32.

Sasa kipande ambacho yule kijana hakusoma. Delta 32 ni mambo ya Ulaya. Kule kaskazini mwa Ulaya, karibu mtu 1 kwa kila 100 ameirithi kwa baba na kwa mama pia, na huyo ndiye anayekingwa. Aliyeirithi upande mmoja tu anaambukizwa kama kawaida, ila ugonjwa huchelewa kumwelemea. Afrika kusini mwa Sahara ni kama haipo. Kwa hiyo Muha wa Kasulu ambaye mababu wote ni wa huku huku, kudai delta 32 ni kudai urithi wa ukoo wa watu wengine.

Karibuni.

---

Mgebuka

Nashusha mkeka hapa hapa. Mkuu, sasa huyo mzee wa Kibirizi amepona vipi miaka yote hiyo?

---

Ngoma Nzito

Aaah, mmeona sasa? Wazungu walitengeneza ugonjwa, wakajiwekea kinga kwanza. Mnasoma sayansi yao halafu mnashangaa.

---

Mnyamwezi wa Isevya

Ngoma Nzito, kaka, wewe hata mvua ikinyesha Urambo unasema ni Wazungu.

---

Hadubini

Mgebuka, umeuliza swali la msingi. Sababu ya kwanza ni ya kawaida kabisa: mke wa sasa yuko kwenye dozi. Mwaka 2011 ulitoka utafiti mkubwa wa jozi 1,763 za wenza ambao mmoja ana VVU na mwingine hana, wengi wao wakiwa Waafrika, wakiwemo wa Kenya, Malawi, Zimbabwe na Botswana. Walioanza ARV mapema walipunguza maambukizi kwa wenza wao kwa asilimia 96. Tafiti zilizofuata zikaenda mbele zaidi: mtu ambaye wingi wa virusi umeshuka hadi havionekani kwenye kipimo haambukizi kwa njia ya ngono. Kwa hiyo kinachomlinda yule mzee ni vidonge anavyomeza mama kila siku, na sifa amejipa yeye.

Kwa mke wa kwanza sina la kusema. VVU haiambukizi kila tendo, wapo wanaopita bila kuguswa, na kupita mara nyingi hakumaanishi utapita kesho. Ngoja niwape mfano wa jirani. Pumwani Majengo, Nairobi, tangu miaka ya 1980 watafiti akiwemo daktari Mkanada Frank Plummer walifuatilia akina dada wanaofanya biashara ya ngono. Wachache walikaa miaka na miaka bila maambukizi huku wenzao wakiambukizwa. Delta 32 hawana. Wengine walikutwa na seli za T, yaani askari wa kinga, zinazomjua adui, yaani zimefunzwa na kule kukutana naye mara kwa mara. Halafu baadhi yao wakapumzika kazi kwa muda, waliporudi wakaambukizwa. Hiyo "damu isiyoshika" ikashika.

---

Hadubini

Ngoma Nzito, nakujibu kwa heshima. VVU ilivuka kutoka kwa sokwe kuingia kwa binadamu mwanzoni mwa karne ya 20, kusini mashariki mwa Kameruni. Damu ya zamani zaidi iliyokutwa na VVU ilichukuliwa mwaka 1959 kwenye mji ambao leo ni Kinshasa. Delta 32 iko Ulaya tangu maelfu ya miaka nyuma, wakati hakuna mtu aliyejua jeni ni nini. Kwa nini ilienea kule, wenyewe wanabishana, wapo wanaosema tauni, wapo wanaosema ndui. UKIMWI hauwezi kuwa sababu, ulikuwa bado haujafika kwa watu.

---

Mtu wa Mwamgongo

Umetaja sokwe, mkuu. Sisi wa Mwamgongo tumepakana na hifadhi. Ndugu yangu alikuwa anafuata sokwe kule Gombe, kazi yake nyingine ilikuwa kuokota kinyesi. Anaokota kwa kijiti, anatia kwenye kichupa chenye maji ya kuhifadhia, anaandika jina la sokwe na saa. Tulikuwa tunamcheka sana nyumbani. Akasema wanatafuta virusi. Ni kweli sokwe wana UKIMWI?

---

Hadubini

Ni kweli, na ndugu yako alikuwa kwenye kazi kubwa kuliko mlivyodhani.

Zamani ilisemwa kwamba sokwe wanabeba kirusi chao, SIV, bila kuumwa. Gombe ndiko ilikovunjwa hiyo hadithi, kwa sababu tangu mtafiti Jane Goodall afike mwaka 1960 sokwe wa pale wanajulikana mmoja mmoja, mama yake nani, amezaliwa lini, amekufa lini. Huwezi kumkamata sokwe wa porini kila mara ukamtoa damu, basi wakatumia kinyesi na mkojo. Mwaka 2009 matokeo yakachapishwa: sokwe wenye SIV walikuwa katika hatari ya kufa mara 10 hadi 16 kuliko wenzao wa umri ule ule wasio nayo, na waliochunguzwa baada ya kufa walionyesha seli za CD4 zimepungua sana kama za mgonjwa wa UKIMWI. Kirusi cha Gombe ni ndugu tu wa kile kilichoingia kwa watu. Chanzo cha VVU yetu ni sokwe wa Kameruni, kwa hiyo msianze kuwatupia lawama sokwe wa Kigoma.

Na nacho kinaingilia CCR5 hiyo hiyo.

Hapa ndipo mimi huwa nanogewa. Afrika Magharibi kuna kima anaitwa mangabei wa moshi, huyo ndiye chanzo cha VVU aina ya 2. Damu yake imejaa SIV na haumwi. Ukichungulia seli zake za CD4 unakuta CCR5 ni chache mno, hasa kwenye zile seli za akiba ambazo mwili hauwezi kuishi bila hizo. Kirusi kinazaliana kwenye seli za kupita tu, msingi unabaki. Na mangabei mwenye kofia nyekundu, wa maeneo ya Gaboni, yeye wengi wao jeni ya CCR5 imekatika herufi 24. Unadhani SIV ilimwacha? Ilihamia kipokezi kingine, CCR2. Ndiyo maana huwa nacheka mtu akisema tukiondoa CCR5 tumemaliza kazi.

---

Mnyamwezi wa Isevya (Tabora)

Hadubini, nisaidie hapa. Huku kwetu Tabora kulikuwa na kampeni kubwa ya tohara, vijana walipangwa foleni kwenye vituo. Tuliambiwa inapunguza maambukizi ila hatukuambiwa inapunguzaje. Inahusiana na hizo CCR5?

---

Hadubini

Inahusiana sana. Ngozi ya govi upande wa ndani ni laini na ina seli nyingi zenye CD4 na CCR5 karibu na juu. Ukiiondoa umepunguza mahali pa kirusi kudaka. Majaribio matatu, ya Afrika Kusini, Kisumu na Rakai kule Uganda, yalionyesha maambukizi kwa wanaume yanapungua kwa takriban asilimia 60. Inapunguza, haifuti.

Na kuna jambo watu hawaliunganishi. Kisonono, kaswende, vidonda vya sehemu za siri, vyote vinaleta uvimbe. Uvimbe maana yake kemokini zimemwagwa, zinaita askari. Askari wanaokuja ndio hao wenye CCR5. Umeviitia VVU chakula mezani. Kijana anayejitibu kisonono kwa vidonge vya dukani nusu dozi, akapata nafuu akaacha, anaendelea kuwa na uvimbe chini kwa chini. Huyo mimi namwogopea kuliko mwenye kundi lolote la damu.

---

Mgebuka

Na hilo la kundi O je? Mana mimi ni O 😂

---

Hadubini

Kundi la damu linasomwa kwenye seli nyekundu. VVU haina shughuli na seli nyekundu. Kapime kama wengine.

---

Daktari Mstaafu (Tabora)

Nimesoma uzi huu kwa furaha, mwanangu Hadubini. Naongeza mawili matatu.

Wanaambukizwa wengi kwa kirusi kinachotumia CCR5. Lakini kadiri ugonjwa unavyokomaa bila tiba, kwa baadhi ya wagonjwa kirusi kinajifunza kutumia CXCR4, na hapo CD4 hushuka kwa kasi. Kwa hiyo hata mwenye delta 32 mbili hana kinga ya asilimia mia. Wamewahi kupatikana wachache walioambukizwa na kirusi cha CXCR4.

Pili, utumbo. Seli nyingi za CD4 za mwilini ziko kwenye ukuta wa utumbo, nazo zimejaa CCR5. Ndani ya wiki chache za kwanza za maambukizi zinafagiliwa, wakati mgonjwa mwenyewe anadhani ana homa ya kawaida. Enzi zetu, kabla dawa hazijaanza kutolewa bure mwaka 2004, tulikuwa tunapokea watu wodini wameisha kwa kuhara na kukonda. Tulijua ni ngoma, hatukujua kwamba utumbo ulishabomolewa miaka mingi nyuma.

---

Hadubini

Shikamoo daktari. Asante kwa nyongeza, hasa hiyo ya utumbo.

---

Kijana wa Mwandiga

Mimi nilisikia kuna Mzungu aliponywa kabisa kwa kupandikizwa hiyo delta 32. Kwa nini serikali isilete hiyo huku? Tumeze vidonge mpaka lini?

---

Hadubini

Yupo, na jina lake liko wazi: Timothy Ray Brown, Mmarekani aliyekuwa akiishi Berlin. Alikuwa na VVU tangu 1995, mwaka 2006 akapata saratani ya damu. Daktari Gero Hütter akatafuta mtu wa kumpa uboho ambaye ana delta 32 pande zote mbili, akampandikiza 2007 na tena 2008. Aliacha ARV, kirusi hakikurudi. Alifariki 2020 kwa saratani ile ile iliyomrudia, VVU haikuwepo. Baada yake akaja Adam Castillejo wa London, aliyepandikizwa 2016, na wengine wachache.

Sasa sikiliza gharama yake. Kupandikizwa uboho maana yake inauawa kwanza kinga yako yote kwa dawa kali au mionzi, unakaa chumba cha peke yako, unaweza kufa kwa maambukizi madogo, na kinga mpya inaweza kukugeuka ikala ngozi, ini na utumbo wako. Hao wote walikuwa na saratani inayowaua, ndiyo maana walithubutu. Kumfanyia hivyo mtu mzima wa afya ambaye kidonge kimoja kwa siku kinamtosha ni kumhatarisha bure. Pia yupo mgonjwa mmoja Ujerumani aliyepandikizwa uboho wa delta 32, kirusi chake cha CXCR4 kikarudi na kasi. Na mgonjwa wa Geneva alipandikizwa uboho wa kawaida kabisa usio na delta 32, na mpaka walipotangaza 2023 kirusi kilikuwa hakijarudi. Kwa hiyo hata kule kupona, CCR5 siyo hadithi nzima. Sehemu ya kazi inafanywa na kinga mpya inayozifyeka seli za zamani zilizoficha kirusi.

---

Ngoma Nzito

Haya, nimekusikia. Si wazihariri basi jeni za watoto wakiwa tumboni, wazaliwe bila hiyo CCR5?

---

Hadubini

Alijaribu Mchina mmoja, He Jiankui. Novemba 2018 akatangaza wamezaliwa mapacha wa kike aliohariri CCR5 yao wakiwa viinitete. Dunia nzima ya sayansi ilimshukia, na Desemba 2019 mahakama ya China ikamfunga miaka 3 na kumtoza faini ya yuani milioni 3. Baba yao alikuwa na VVU, lakini kuzuia mtoto asiambukizwe kwa baba kuna njia rahisi za siku nyingi. Watoto walibebeshwa hatari ambayo haikuhitajika.

Na hatari yenyewe ipo. Nilisema mwanzo kwamba CCR5 ina kazi yake. Kuna virusi vya Nile Magharibi, vinaletwa na mbu, viligunduliwa hapo Uganda mwaka 1937. Watu wasio na CCR5 wakiambukizwa hivyo, wana uwezekano mkubwa zaidi wa kuumwa vibaya, kwa sababu askari wanachelewa kufika kwenye ubongo. Mtoto wa huku, kwenye mbu wa huku, unamwondolea CCR5 ili iweje?

Kama mnataka jeni ya kujivunia tunayo. Waafrika wengi wa ukanda huu hawana kipokezi kinachoitwa Duffy kwenye seli nyekundu, nacho ni cha ukoo huu huu wa kupokea kemokini. Malaria ya vivax inaingilia hapo, ndiyo maana kwetu ni adimu na wale wa Asia inawasumbua. Bahati mbaya falsiparamu, malaria iliyozoeleka huku kwetu, ina njia zake.

---

Bint Ujiji

Kaka Hadubini, nimekuwa nasoma kimya kimya. Mimi naishi na VVU, nipo kliniki ya dawa (CTC) mwaka wa tano, majibu ya mwisho hawakuviona virusi. Mume wangu hana. Mama mkwe anasema ukoo wao una damu kali, kwa hiyo mwanawe hahitaji hata kupima. Na mume ameanza kumwamini. Nifanyeje?

---

Hadubini

Dada, pole na hongera kwa pamoja. Mume yuko salama kwa sababu wewe unameza dawa vizuri. Usiruhusu sifa hiyo ichukuliwe na ukoo. Siku ya kliniki nenda naye, mwombe mtoa huduma amweleze yeye mwenyewe majibu yako ya wingi wa virusi, mara nyingi mwanaume akisikia kwa mtu wa koti jeupe anatulia. Na aendelee kupima kama walivyompangia. Ukikusudia kupata mtoto, sema mapema kliniki.

Mama mkwe usibishane naye. Muache mwanawe amweleze.

---

Bint Ujiji

Asante sana kaka. Tarehe yangu ni wiki ijayo, nitamwambia tuongozane.

---

Mgebuka

Mkuu la mwisho. Kama CCR5 ndiyo mlango, kwa nini wasitengeneze tu kidonge cha kuuziba?

---

Hadubini

Kipo tangu 2007, kinaitwa maraviroki. Kinakaa kwenye CCR5 kirusi kikose pa kushika. Shida ni kwamba kabla ya kupewa lazima upimwe kama kirusi chako ni cha CCR5 au CXCR4, kipimo hicho ni ghali, na dozi ni mara mbili kwa siku. Kidonge tunachopewa CTC, chenye tenofovi, lamivudini na dolutegravi, kinamezwa mara moja kwa siku, hakijali kirusi kimeingilia kipokezi gani, kwa sababu kinakisubiri ndani ya seli na kukizuia kujinakili. Ndiyo maana maraviroki umeisikia leo kwangu.

Nina zamu ya asubuhi wakuu. Mwenye swali la CXCR4 aliweke, nitapita kesho usiku.